Faraday: Fundi wa kujalidi vitabu aliyefanya dhahabu iwe nyekundu

Bila shaka umesikia jina Michael Faraday ukisoma kuhusu stima. Ndiye aliyeonyesha, mwaka 1831, kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya hutoa umeme. Lakini je, ulijua alicheza na dhahabu pia?

Alizaliwa London mwaka 1791, babake akiwa mhunzi. Shule aliionja tu. Akiwa na miaka 14 alianza kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, na kila kilichopita mkononi mwake alikisoma. Mwaka 1812 mteja mmoja akampa tiketi za mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy. Dogo akaandika alichosikia, akakijalidi vizuri, akampelekea Davy. Mwaka uliofuata akapata kazi ya usaidizi katika maabara ya Royal Institution.

Sasa ruka hadi miaka ya 1850. Faraday amezeeka, kumbukumbu inamsumbua, lakini maabara haachi. Anachukua maji yenye chumvi ya dhahabu, anatia fosforasi kidogo. Maji yanageuka mekundu! Mwaka 1857 akaeleza kwamba ile ni dhahabu yenyewe, ila imekuwa chembechembe ndogo ajabu. Leo tunaziita nano: panga elfu moja kwenye foleni, hazifikii upana wa unywele.

Shida ni kwamba ukitia chumvi ya kawaida, chembe hizo hushikana na wekundu hugeuka buluu. Faraday aliona kuwa jelatini kidogo huzuia hayo. Jelatini ni polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo. Hujizungusha kwenye kila chembe kama koti, zisigusane. Wanakemia wa baadaye waligundua zaidi: ukitia polima mapema, chembe zikiwa ndiyo zinaundwa, unaweza kuamua zitakua kiasi gani na ziwe na umbo gani.

Faraday alifariki mwaka 1867. Baadhi ya chupa zake za dhahabu zingali London.

Na wewe huenda umeiona kazi hiyo bila kujua. Katika vipimo vingi vya haraka, kama vya mimba, ule mstari mwekundu ni chembechembe za dhahabu zilizovishwa protini. Ukisikia mtu akisema asiyesoma sana hana lake kwenye sayansi, mwambie habari za yule fundi wa vitabu.