John Loudon McAdam, Mtengenezaji wa Barabara

Wengi wetu tumepata kuona njia ya changarawe iendayo hata mlangoni pa nyumba. Mwaka wa kwanza hupendeza. Baadaye changarawe hukimbilia pembeni, magurudumu huchimba mifereji miwili, na kila masika mwenye nyumba humwaga lori jingine la mawe, wala haponi. Aliyeijua dawa ya ugonjwa huo alikufa zamani, naye ni John Loudon McAdam.

Alizaliwa Ayr, katika nchi ya Scotland, mwaka 1756. Baba yake alipofariki, mwaka 1770, alipelekwa New York kwa ami yake, mfanya biashara. Huko alipata mali, lakini katika vita vya Wamarekani alishika upande wa Mfalme, akapoteza sehemu kubwa ya mali ile, akarudi kwao mwaka 1783. Akanunua shamba, akawa mmoja wa wasimamizi wa barabara. Ndipo shughuli ya mawe ilipomshika, wala haikumwacha tena.

Wakati ule barabara nyingi za Uingereza zilikuwa taabu tupu. Watu walimwaga changarawe za mviringo pamoja na udongo, magari ya farasi yakazisukuma huko na huko, maji yakatuama. McAdam alisafiri maelfu ya maili kwa fedha zake mwenyewe akizitazama. Akaona kwamba kinachobeba mzigo ni ardhi iliyo chini, nayo hubeba maadamu imekaa kavu. Tena jiwe la mviringo huteleza, bali mawe yaliyovunjwa, yenye pembe, hushikana. Na kadiri yakanyagwavyo ndivyo yanavyozidi kukazana.

Mwaka 1816 watu wa Bristol wakamfanya mkuu wa barabara zao. Akaagiza barabara iinuliwe kuliko ardhi ya kandoni, mitaro ichimbwe, na katikati pawe juu kidogo: inchi 3 zatosha kwa upana wa futi 30. Mawe yalivunjwa kwa nyundo ndogo, wavunjaji wameketi, hata wazee na watoto. Jiwe lo lote lililozidi wakia 6 lilikataliwa. Yakatandazwa tabaka kwa tabaka hata kufika inchi 10, pasipo udongo. Thomas Telford, stadi mwenzake, alitanguliza mawe makubwa chini. McAdam aliona ni kupoteza fedha. Kwa njia ya nyumbani mimi namfuata McAdam: toa changarawe za mviringo, inua njia, maji yapewe pa kwenda, kisha tandaza kokoto zenye pembe, kidogo kidogo, ukishindilia.

Bunge lilimrudishia sehemu ya gharama zake. Serikali ilipotaka kumpa cheo cha Sir, alikataa kwa ajili ya uzee. Mwanawe James akakipokea mwaka 1834. Alifariki Moffat mwaka 1836. Jambo la kuchekesha ni kwamba zamani alikuwa na shughuli katika kiwanda cha lami huko Muirkirk, lakini katika barabara zake hakuitia. Ni Edgar Purnell Hooley aliyepata hati ya kuchanganya lami na mawe ya namna ile, mwaka 1902.