Luc Gillon, padri wa atomu

Luc Gillon alizaliwa Ubelgiji mwaka 1920. Alikuwa padri na mtu wa fizike, akasomea pia Princeton, Marekani. Mwaka 1954 akawa rektere wa kwanza wa iniversite ya Lovanium, ku Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo.

Uranium ya Shinkolobwe, Katanga, ilikuwa imetumika kwa bomu la Hiroshima mwaka 1945. Gillon alitaka inchi iliyotoa yale mawe ipate nayo elimu yake. Mwaka 1959 TRICO I ikaanza kazi, reaktere ya kwanza ya Afrika. Ndani yake nutroni zilipasua viini vya uranium.

Wakati ule hakuna aliyejua nutroni yenyewe imejengwa na nini. Mwaka 1964, Gell-Mann na Zweig, kila mutu kwake, wakaeleza: ni kwaki tatu, moja ya juu na mbili za chini. Protoni ina mbili za juu, moja ya chini. Ni kama mafiga matatu, lakini kwaki haitolewi ikabaki peke yake.

Gillon aliacha urektere mwaka 1967, akafariki 1998. Mwanafunzi wa Kasongo ao Kabambare anayechora protoni ubaoni ajue: ile kazi ilifanyika hapa kwetu pia.