Thomas Stevens: Alizunguka dunia kwa baiskeli peke yake, lakini hakufika bila watu

ALFAJIRI, kabla ya malori yanayokwenda mpakani Busia kujaa barabarani, ndio wakati mwafaka wa kuendesha baiskeli kutoka Kisumu hadi Maseno. Mwendeshaji hupita njia panda ya Bondo pale Kisian, kisha huanza kupanda kuelekea Ikweta huku Ziwa Victoria likibaki nyuma yake.

Swali linalomkabili kila anayejiandaa kwa safari ya aina hiyo ni moja: aondoke peke yake au awasubiri wenzake?

Anayekwenda peke yake hujipangia mwendo, hupumzika anapotaka na hamchelewi mtu. Anayekwenda katika kundi huonekana na madereva kwa urahisi zaidi, na akipata pancha au akianguka hakosi wa kumwinua. Katika barabara ambayo baiskeli, matatu, pikipiki na malori hugombea lami moja, uamuzi huo si wa starehe tu. Unaweza kuwa wa uhai na kifo.

Mtu ambaye maisha yake yanafaa kulipima swali hilo ni Thomas Stevens, mwanadamu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli. Jina lake halitajwi sana katika ufuo huu wa ziwa. Hata hivyo, mnamo mwaka wa 1889 alifika Afrika Mashariki, na huku ndiko alikopata funzo ambalo barabara za mabara mengine hazikuwa zimemlazimisha kulikubali.

Stevens alizaliwa Desemba 24, 1854, katika mji wa Berkhamsted, Uingereza. Mnamo 1871, akiwa bado kijana, alihamia Marekani. Huko alifanya kazi za mikono, zikiwemo za kiwanda cha reli katika eneo la Wyoming na za mgodini Colorado.

Wazo la kuvuka Marekani kwa baiskeli lilimjia kabla hata hajajua kuiendesha. Alijifunza mjini San Francisco, na Aprili 22, 1884, akaanza safari ya kuelekea mashariki.

Baiskeli yake haikufanana na hizi zinazobeba magunia na abiria Kisumu. Gurudumu la mbele lilikuwa na kimo cha karibu sentimita 127, la nyuma lilikuwa dogo, na mpira wake haukuwa na upepo. Mwendeshaji aliketi juu ya gurudumu kubwa, na kizuizi kidogo tu njiani kilitosha kumpindua kichwa mbele.

Mizigo yake ilikuwa michache: soksi, shati la akiba, koti la mvua ambalo pia lilikuwa hema na kitanda chake, pamoja na bastola. Hakuwa na mwenzake. Katika milima na jangwa alilazimika kuisukuma baiskeli kwa miguu kwa masafa marefu.

Wakati mmoja treni ilimkuta juu ya daraja la reli lisilokuwa na nafasi ya kumpisha mtu. Ilimbidi ajitokeze nje ya ukingo na kuning'iniza baiskeli juu ya bonde hadi mabehewa yalipokwisha kupita. Lau angeteleza, hakuna ambaye angejua alikopotelea.

Alifika Boston Agosti 4, 1884, baada ya kusafiri karibu kilomita 6,000. Ufanisi huo ulimpa wafadhili. Kampuni ya Pope, iliyotengeneza baiskeli, ilimsaidia, na jarida la Outing likamfanya mwandishi wake. Kwa hivyo, alipoanza safari ya kuizunguka dunia alikuwa peke yake kitini, ila nyuma yake kulikuwa na watu waliosubiri habari zake na waliokuwa na sababu ya kuuliza endapo zingekatika.

Mei 2, 1885, aliondoka Liverpool huku umati ukimtazama. Waendesha baiskeli wa Uingereza walimsindikiza kwa zamu, kila kundi likimwonyesha njia za eneo lake kabla ya kumkabidhi kwa kundi jingine. Alivuka Ufaransa, Ujerumani na Austria.

Huko Hungary alipata mwenzake wa kweli. Mwendesha baiskeli aliyeitwa Svetozar Igali aliandamana naye kutoka Budapest kuelekea Belgrade. Kizuizi cha lugha kilikuwa kikubwa kati yao. Pamoja na hayo, Igali alijua barabara, mito na desturi za watu, na mgeni aliyeandamana na mwenyeji hakutiliwa shaka kama mgeni aliyejitokeza peke yake juu ya chombo cha ajabu.

Baada ya kuagana na wasindikizaji wa Ulaya, mambo yalibadilika. Stevens alipitia Uturuki na kufika Teheran, Uajemi, ambako alikaa kipindi cha baridi na kumwonyesha Shah Nasr-ed-Din namna baiskeli inavyoendeshwa. Mwaka wa 1886 alijaribu kupitia Afghanistan. Akakamatwa, akapelekwa Herat chini ya ulinzi na kurudishwa Uajemi. Ilibidi azunguke kwa treni na meli hadi India, ambako aliendelea na safari kutoka Lahore hadi Calcutta.

Hatari kubwa kabisa ilimkuta China. Vita kati ya nchi hiyo na Ufaransa vilikuwa vimemalizika muda mfupi tu uliopita, na chuki dhidi ya wageni ilikuwa bado moto. Katika mji mmoja umati ulimvurumishia mawe. Aliyemwokoa hakuwa yeye mwenyewe wala bastola yake, bali maafisa Wachina waliomhifadhi katika majengo ya serikali na kumsafirisha kwa mashua akiwa na walinzi.

Alimaliza safari mjini Yokohama, Japani, Desemba 17, 1886, akiwa ameendesha takriban kilomita 21,700. Magazeti yalimsifu kuwa mtu aliyeishinda dunia peke yake. Sifa hiyo alistahili kwa upande wa miguu na moyo. Kwa upande wa usalama, ilikuwa nusu ya ukweli.

Miaka miwili baadaye gazeti la New York World lilimtuma Afrika Mashariki. Henry Morton Stanley, aliyekuwa ameingia barani mwaka wa 1887 kupitia mto Congo ili kumtafuta Emin Pasha, hakuwa akijulikana aliko. Stanley alikuwa mtu wa ziwa hili: mwaka wa 1875 alikuwa ameizunguka Victoria kwa mashua, ikiwemo sehemu ambayo leo ni ufuo wa Kenya. Kazi ya Stevens ilikuwa kupata habari zake kabla ya waandishi wengine.

Hapa ndipo bingwa wa safari za upweke alipolazimika kubadili desturi. Alisafiri kwa msafara, akiwategemea wapagazi na viongozi wa njia waliojua maji yalipo, soko lilipo na lugha ya kila mji. Alifika hadi eneo la Kilimanjaro, na mwishoni mwa 1889 alikuwa miongoni mwa waandishi wa kwanza kumlaki Stanley, aliyewasili Bagamoyo Desemba 4 mwaka huo.

Stevens hakufika Kisumu. Reli yenyewe ilifika hapa Desemba 1901, na kabla ya hapo safari kutoka pwani hadi ziwani ilikuwa ya misafara. Watu wa misafara hawakuandamana kwa sababu walipenda kelele. Waliandamana kwa kuwa aliyeugua alihitaji kubebwa, na aliyebaki nyuma huenda asionekane tena. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ni haki pia kusema kwamba Stevens alikuwa mtoto wa enzi zake. Maandishi yake yana dharau kwa watu wengi aliokutana nao, wakiwemo wale waliomlisha na kumlaza. Historia imehifadhi jina lake. Wapagazi waliomfikisha alikokwenda haikuwahifadhi hivyo.

Baadaye alisafiri kwa farasi nchini Urusi, kisha akahamia London na kuwa meneja wa ukumbi wa maigizo wa Garrick. Aliaga dunia Januari 24, 1935, akiwa na umri wa miaka 80. Baiskeli yake ilihifadhiwa na kampuni ya Pope hadi Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ilipotolewa pamoja na vyuma chakavu kusaidia vita. Haipo tena.

Lakini funzo la maisha yake lingalipo, na waendeshaji wa boda boda za baiskeli wa Kisumu walilijua bila kumsoma. Kila mmoja aliondoka kituoni peke yake na abiria wake. Hata hivyo, kituo kilikuwa na wenzake waliojua ameelekea wapi, na alipochelewa mno walianza kuulizana.

Hivyo basi, anayependa kuendesha peke yake asilaumiwe. Upweke una utulivu wake, hasa asubuhi ziwa linapong'aa na barabara ikiwa tupu. Ila kwa barabara asiyoijua, kwa masafa marefu au kwa saa za malori, asubiri wenzake. Na hata siku anayokwenda peke yake, amwambie mtu mmoja njia atakayopita na saa atakayorudi. Stevens, kwa ujasiri wake wote, hakufika Yokohama bila watu wa aina hiyo.