SAMUEL MORSE NA BARUA ILIYOCHELEWA



Katika numero hii tumechagua kuwaandikia maisha ya Samuel Morse. Jina lake wengi tunalijua, sababu ku somo la fizikia tumesikia juu ya alama za Morse, nukta na mstari. Lakini yeye alikuwa nani? Na juu ya nini siye wa Nzilo, wenye kuona simu kila siku, tusome habari za mtu aliyekufa mu mwaka wa 1872? Tutawaonyesha. Tena mwishoni tutasema jambo moja lililotukuta siye wenyewe mu interna. Ni jambo la haya, lakini lazima lisemwe.

KUZALIWA KWAKE NA KAZI YA KWANZA

Samuel Finley Breese Morse alizaliwa tarehe 27 Aprili 1791 ku Charlestown, mu jimbo la Massachusetts, Marekani. Baba yake, Jedidiah Morse, alikuwa mchungaji, tena mwandishi wa vitabu vya jiografia vilivyosomwa sana kule. Kijana alisoma ku Yale, akamaliza mu 1810. Pale alisikia masomo juu ya umeme, lakini moyo wake ulikuwa ku michoro. Mu 1811 akaenda Uingereza kujifunza kuchora, akarudi kwao mu 1815. Basi msishangae: mtu wa telegrafu hakuwa injinia. Alikuwa mchoraji wa sura za watu.

Mu 1818 alimwoa Lucretia Walker. Mchoraji hana mshahara wa kila mwezi. Morse alitembea mji kwa mji kutafuta watu wa kuchora, na bibi yake alibaki nyuma na watoto.

ILE BARUA

Mwanzo wa 1825 mji wa New York ulimpa kazi kubwa: kuchora sura ya Lafayette, jenerali Mfaransa aliyesaidia Marekani katika vita ya uhuru. Morse akaenda Washington kumkuta. Lucretia alibaki ku New Haven, alikuwa ametoka kuzaa mtoto. Tarehe 7 Februari akafa ghafula. Alikuwa na miaka 25 tu. Mzee Jedidiah akakamata kalamu, akamwandikia mwana wake. Barua ikasafiri kwa gari la farasi, ikafika Washington tarehe 11. Morse akaacha kazi, akaondoka mbio. Alipofika nyumbani, bibi yake alikuwa amekwisha kuzikwa.

Tusimame hapa kidogo. Nani alikosa? Hakuna. Mzee aliandika upesi, na posta ilifanya kazi yake. Lakini wakati ule habari ilitembea paka mbio za farasi. Habari haikuweza kumpita mtu anayeibeba.

Wazee wetu walikuwa na njia nyingine. Waluba wana kyondo, ngoma ya mti uliochimbwa ndani, na ngoma za namna hiyo zinajulikana mahali pengi mu Kongo. Mpigaji anatumia sauti mbili, ya juu na ya chini, na kijiji kinachosikia kinapigia kijiji kinachofuata. Misionere Mbaptisti John Carrington, aliyefanya kazi ku Yakusu, karibu na Kisangani, alijifunza ngoma hizo, akaandika kitabu juu yake mu 1949. Alieleza kwamba mpigaji hasemi neno moja fupi. Anasema sentensi nzima, sababu sauti mbili peke yake zinaweza kuchanganya maneno mengi, na yale maneno ya kuongeza njo yanamsaidia msikilizaji asikosee. Mkumbuke jambo hilo, tutalirudilia.

SAFARI YA MELI

Watu wengine wanaeleza kwamba Morse alianza kutafuta telegrafu siku ile ya msiba. Haiko hivyo. Wazo lilimjia miaka saba nyuma ya ile barua, mu 1832, ndani ya meli Sully, alipokuwa akirudi kutoka Ufaransa. Mezani daktari mmoja, Charles Jackson, alizungumza juu ya umeme na sumaku. Morse akajiuliza: kama umeme unapita ndani ya waya mara moja, kwa nini usibebe habari? Mbele ya kushuka melini alikuwa amejaza daftari lake na michoro.

Lakini wazo haliko bado chombo. Morse alikuwa mwalimu wa michoro ku chuo kikuu cha New York, maskini kabisa. Chombo chake cha kwanza alikifunga juu ya ubao wa kutandia picha. Waya ilipokuwa ndefu, umeme ulichoka na chombo kikanyamaza. Njo hapa tunaona wasaidizi wake. Leonard Gale, mwalimu wa kemia, alimwonyesha namna ya kutumia betri nyingi na kuzungusha waya mara nyingi ku sumaku, maarifa yaliyotoka kwa mwanasayansi Joseph Henry. Alfred Vail, kijana aliyejua kazi ya chuma, alitengeneza vyombo vizuri, na baba yake alitoa fedha. Tena ku Uingereza Cooke na Wheatstone walikuwa na telegrafu yao ya sindano mu 1837. Morse hakuwa peke yake.

MAMBO MANNE YALIYO NDANI YA KAZI YAKE

La kwanza ni ALAMA. Umeme hausemi maneno. Uko ao hauko, basi. Morse na wenzake walifanya herufi zote kwa umeme mfupi, umeme mrefu, na kunyamaza katikati. Herufi E, inayotumika sana mu Kiingereza, walipa nukta moja tu. Q, isiyotumika sana, ilipata alama ndefu. Hivi kazi inakuwa fupi. Kama wangehesabu herufi za Kiswahili, nukta moja ingekuwa ya A! Hesabuni wenyewe mu ukurasa huu. Ordinatere na simu za leo zinafanya vilevile kwa sifuri na moja, na mara nyingi kinachorudi sana kinaandikwa kwa ufupi.

La pili ni MAPATANO. Alama haina maana kama mwenye kutuma na mwenye kupokea hawakupatana mbele. Mu 1865 serikali nyingi za Ulaya zilikutana Paris kupatana juu ya telegrafu kati ya nchi na nchi. Umoja uliozaliwa pale ungali unafanya kazi mpaka leo, sasa ndani ya Umoja wa Mataifa, ukipanga mambo ya simu na redio.

La tatu ni KITUO CHA NJIANI. Umeme unapochoka, unafika na nguvu kidogo tu. Nguvu hiyo kidogo inavuta sumaku ndogo, na sumaku inafungua njia ya betri mpya. Hivi alama inaondoka tena na nguvu nzima. Ni sawa na kijiji kinachopokea ngoma na kuipiga tena. Antene tunazoona juu ya vilima kati ya Kolwezi na Likasi, nyingine zina kazi hiyohiyo: kusikia kwa shida, na kusema tena kwa nguvu.

La nne ni JIBU. Mwenye kutuma anajua namna gani kwamba habari imefika? Tutaona sasa.

WAYA YA WASHINGTON NA BALTIMORE

Miaka mingi Morse aliomba serikali fedha. Wengine walimcheka. Februari 1843 baraza la wawakilishi lilikubali kwa kura 89 juu ya 83, na mwezi wa Machi sheria ikapita: dola 30,000 za kufunga waya kati ya Washington na Baltimore, karibu kilomita 64. Kwetu, wenye kuona nguzo za umeme za Inga zilizotembea karibu kilomita 1,700 mpaka Kolwezi, ni safari fupi. Lakini kwao ilikuwa jambo kubwa.

Kwanza walizika waya ndani ya mipira ya risasi. Waya ilikuwa ya shaba, kitu ambacho hapa kwetu hata mtoto anakijua. Lakini nguo iliyozunguka waya haikuwa nzuri, umeme ukapotea udongoni, na fedha nyingi zikaisha bure. Wakabadili shauri, wakasimamisha miti na kutundika waya juu.

Tarehe 24 Mei 1844, ndani ya nyumba ya baraza ku Washington, Morse alituma maneno ya Biblia yaliyochaguliwa na binti mmoja, Annie Ellsworth. Ni katika Hesabu 23:23, someni wenyewe. Vail alikuwa Baltimore. Alipoyapokea hakukaa kimya: aliyatuma tena vilevile kwa Morse. Njo lile jibu. Bila jibu, Morse angekuwa na chombo kinachopiga kelele, asijue kama kuna mtu upande wa pili.

MAZURI NA MABAYA YAKE

Nyuma ya pale waya ilienea upesi. Mu 1858 waya ya baharini ilitandikwa kati ya Ulaya na Amerika, ikakufa mu majuma machache. Ile ya 1866 ikashika. Morse akawa tajiri na mwenye sifa nyingi. Lakini alipigana sana ku tribinali juu ya nani ni mwenye telegrafu, na alikosana na Joseph Henry, ambaye maarifa yake yalimsaidia.

Kuna jambo baya zaidi, na siye Waafrika hatuwezi kulificha. Wakati wa vita ya Marekani ya 1861 mpaka 1865, Morse aliandika kutetea utumwa wa watu weusi, tena kwa kutaja Biblia. Mtu huyu aliunganisha miji kwa waya, lakini hakutaka kusikia mtumwa aliyekuwa karibu naye. Tunasoma kazi yake, tunachukua mazuri, na hili tunalikataa.

Alikufa New York tarehe 2 Aprili 1872. Mu meli, alama za Morse ziliendelea kutumika kwa wito wa hatari mpaka 1999, zilipobadilishwa na vyombo vipya.

NA KWETU JE?

Misionere Frederick Arnot alipofika Bunkeya kwa mfalme Msiri, mu 1886, waya ya baharini ilikuwa imekwisha kufanya kazi miaka 20. Lakini barua za Arnot zilibebwa na wapagazi mpaka Benguela, ku bahari, miezi na miezi. Mtandao hausaidii mtu asiyefikiwa. Leo ni tofauti. Waya ya kioo inayobeba mwangaza, inayoitwa WACS, ilifika Muanda mu 2013, na kobalti ya Kolwezi iko ndani ya betri za simu mu dunia nzima. Tungesema basi kwamba shida ya barua ya Morse imekwisha.

Haikuisha. Mwaka wa masomo uliopita, siku ya posho jioni, simu ya interna ililia. Ilikuwa mama wa mwenzetu mmoja, wa Fungurume. Alisema baba wa kijana amefariki, na mazishi ni siku ya kwanza asubuhi. Ile simu tulikuwa nayo mikononi siye makapita. Tulijibu ndiyo, mama, tutamwambia. Kiisha tukaogopa. Tukasema: kesho, nyuma ya ibada. Kesho yake kila kapita alifikiri mwenzake amekwisha kusema. Kijana alipata habari siku ya kwanza saa sita. Wakati ule baba yake alikuwa amekwisha kuzikwa.

Hatuwezi kusingizia antene. Sauti ya mama ilitoka Fungurume ikafika Nzilo mara moja. Ikakwama kati ya mlango wa ofisi na kitanda cha kijana, hatua 50. Barua ya mzee Jedidiah ilichelewa sababu ya farasi. Hii ilichelewa sababu yetu. Kijana tumemwomba msamaha, na familia yake pia. Yeye alitusamehe. Lakini hakumwona baba yake, na hilo hatuwezi kulirudisha.

Kwa hiyo tunaomba wakubwa wa masomo wakubali jambo hili dogo. Kuwe daftari karibu na simu. Mwenye kupokea aandike saa, jina la mwenye kuita, na maneno. Aende papo hapo kwa mwenyewe, hata usiku, pamoja na mwalimu kama habari ni ya msiba. Mwenyewe aweke sahihi. Kiisha tuite tena nyumbani, tuseme: amesikia. Vail alifanya hivyo mu 1844 kwa maneno machache tu ya majaribio. Siye tutashindwa kwa habari ya baba wa mtu?

Siye wafinalisti tunakwenda kufanya Exetat, na mwaka ujao simu itakuwa mikononi mwenu, wadogo zetu. Tunawaachia daftari. Lina ukurasa mmoja ulioandikwa: ni habari ya ile siku ya posho, na saa iliyopokelewa, na saa iliyofikishwa. Tuliiandika kwa kuchelewa, ili ninyi msichelewe.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho