Muyaka bin Haji, malenga asiyekuwa na hati ya uteuzi

Siku hizi iko miji, hasa Marekani, inayomteua mshairi rasmi wa mji, na mingine inamteua na mwanamuziki. Mteule hupewa cheo kwa muda maalumu, akatunga kwa ajili ya sikukuu na misiba ya mji wake. Je, Uvira ingefaa kuiga desturi hiyo? Na Luberizi, huku kwetu kwenye uwanda wa Ruzizi? Kabla sijajibu, naomba nisimulie maisha ya mtu ambaye kila anayesoma fasihi ya Kiswahili amekutana na jina lake: Muyaka bin Haji al-Ghassaniy wa Mombasa.

Muyaka alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776 na kufariki yapata 1840. Mji ulikuwa mikononi mwa Wamazrui. Hawa waliletwa na Oman wawe magavana, lakini katikati ya karne ya 18 wakajitenga na kutawala wenyewe kutoka Ngome ya Yesu, wakishirikiana na wenyeji wa Mataifa Kumi na Mawili. Muyaka alikuwa rafiki yao na mtetezi wao. Hata hivyo, hakuwa mtu wa kukaa barazani akimsifu mtawala tu. Alitunga juu ya mapenzi na ugomvi wa nyumbani, juu ya ukata na njaa, juu ya marafiki wanaomkimbia mtu mali inapokwisha. Kabla yake, tungo nyingi zilizohifadhiwa kwa maandishi zilikuwa tenzi ndefu za dini. Yeye aliupa nguvu ubeti wa mishororo minne, wenye mizani kumi na sita na vina vya kati na vya mwisho, ambao mtu anaweza kuushika kichwani akitoka sokoni kwenda nyumbani. Ndiyo sababu wahakiki husema kwamba aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni.

Ushairi huo ulikuwa pia silaha. Yapata mwaka 1813 Mombasa na Pate zilikwenda kuipiga Lamu, zikashindwa vibaya kwenye fukwe za Shela. Kabla na baada ya vita hivyo, maneno yalivuka bahari kwa beti: Muyaka akitupa fumbo kutoka Mombasa, watunzi wa Lamu, miongoni mwao Zahidi Mngumi, wakilifumbua na kulirudisha. Baada ya Shela, Lamu iliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, na tangu hapo mambo ya Mombasa yakawa magumu. Mwaka 1824 Wamazrui walitafuta kinga ya Waingereza, na bendera ya Uingereza ikapepea juu ya ngome hadi 1826. Mwaka 1837 Seyyid Said aliuchukua mji. Viongozi wa Wamazrui wakakamatwa na kupelekwa uhamishoni.

Hapa ndipo maisha ya Muyaka yananigusa zaidi. Upande wake ulishindwa. Kama heshima yake ingetegemea barua yenye mhuri wa Wamazrui, ingezama pamoja nao. Uingereza, John Dryden aliteuliwa mshairi wa mfalme mwaka 1668, kisha akavuliwa cheo baada ya mapinduzi ya 1688 kwa sababu alikataa kuapa mbele ya watawala wapya. Kwetu Zaire, dola iliyomfunga Franco Luambo mwaka 1978 kwa ajili ya nyimbo zake ndiyo iliyompa hadhi ya Grand Maître. Kilichotolewa na mkono wa dola huweza kurudishwa na mkono huohuo. Muyaka hakuwa na cha kuvuliwa.

Lakini tusijidanganye kwamba wananchi wakikupenda, basi kazi yako imesalimika. Muyaka alipofariki, tungo zake zilibaki vichwani mwa watu wa Mombasa, na vichwa hufa. Aliyeziokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa mji huo, aliyezikusanya kwa wazee na kuziandika kwa herufi za Kiarabu. Alifanya kazi hiyo pamoja na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, aliyeongeza maelezo. Sikujua alifariki mwaka 1890. Hati zikafika London, na mwaka 1940 William Hichens akaichapisha diwani huko Johannesburg, miaka mia moja hivi baada ya mtunzi kuzikwa. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatupa uchambuzi unaosomwa hadi leo. Bila Sikujua, tusingekuwa na Muyaka wa kumjadili.

Kiswahili kina neno lake la mtu wa namna hii: malenga. Neno hilo humtaja mtunzi na mwimbaji kwa pamoja, kwa maana shairi letu ni la kuimbwa. Ahmad Nassir, ambaye diwani yake ilitoka mwaka 1971 ikihaririwa na Shihabuddin Chiraghdin, anajulikana kama Malenga wa Mvita. Cheo kama hicho huhitaji masikio ya watu kuliko kamati.

Basi jibu langu ni hili. Uvira ikitaka kuteua, na iteue, sioni ubaya. Ila Luberizi, mahali ambapo nyimbo za harusi na za mavuno huimbwa kwa Kifuliiru, Kirundi na Kiswahili, hatujakosa wa kuteuliwa. Tumekosa kina Sikujua. Kila mzee anapozikwa kwenye uwanda wetu, huenda anazikwa na nyimbo ambazo hakuna mwingine anayezijua zote. Kitivo cha lugha kina wanafunzi wenye daftari, na simu zinazorekodi sauti. Ningependa kila mmoja wetu, kabla ya kuhitimu, awe ameandika tungo za mtunzi mmoja wa kijijini kwao, kwa lugha aliyoziimba, na kuziweka mahali ambapo wengine watazisoma.