Kumngoja Bwana Kila Siku

William Miller alikuwa mkulima wa Low Hampton, New York. Katika pigano la Plattsburgh, mwaka 1814, kombora lililipuka karibu naye. Mwenzake mmoja aliuawa na wengine walijeruhiwa, yeye hakudhurika. Mtu huyo aliyedhani kwamba Mungu hajishughulishi na wanadamu alianza kujiuliza kuhusu kifo, na mwaka 1816 alimpokea Kristo.

Baadaye alihubiri marejeo ya Bwana. Oktoba 22, 1844 ilipita, Bwana asije. Miller hakuweka tarehe nyingine. Kila kulipokucha, aliihesabu siku hiyo kuwa ndiyo ya kumngoja Mwokozi. Macho yake yalififia, lakini tumaini halikufifia, hadi alipolala mautini Desemba 20, 1849.

Je, kama leo ni siku yako ya mwisho, itakukuta ukimngoja Bwana?