Stu Ungar: Mkali wa Poka Aliyeomoka Mara Tatu, Akazikwa kwa Mchango

Wikendi iliyopita mbogi yetu ya watu wanne ilivuka na boti kutoka Mbita hadi Sena, kisiwani Mfangano. Mpango ulikuwa rahisi: kupanda mlima Kwitutu, kuona ile michoro ya kale kwenye mawe ya Kwitone, kula samaki wa kuchoma, halafu Jumapili turudi. Mlima tulipanda. Michoro tuliiona. Lakini usiku hakukuwa na mwezi, taa za wavuvi wa omena zilikuwa zimejipanga ziwani kama mtaa mwingine, na kilichobaki kwetu ni kadi tu.

Tukacheza poka. Naongelea poka yetu sisi, ile ya 2 na 3 kukulisha kadi, J kuruka mtu, K kurudisha, Q na 8 kuuliza swali, na ukisahau kusema niko kadi umeumia. Kila Mkenya aliyelala bweni anaijua. Ilianza na mwenye kushindwa anunue soda. Ikafika kwa nauli ya boti. Kufika saa sita usiku msee wetu mmoja (simtaji, najua anasoma hii) alikuwa amepoteza nauli yake yote. Tena mkeka wake wa mpira ulikuwa umechanika jioni hiyo hiyo kwa mechi moja tu. Sasa anaomba tumkopeshe thao moja arudishe hasara. Sisi wengine tukaangaliana.

Hapo ndipo niliwapigia hadithi ya Stu Ungar. Kama humjui, vuta kiti.

Kwanza tuelewane kuhusu gemu yenyewe, maana poka ya Las Vegas si ya niko kadi. Ile inayochezwa kwa mashindano makubwa inaitwa Texas Hold'em. Kila mtu anapewa kadi mbili, anazificha. Halafu kadi tano zinawekwa wazi katikati ya meza, tatu kwanza, kisha moja, kisha moja ya mwisho, na hizo tano ni za wote. Katika hizo saba unachagua tano zako bora. Kila hatua watu wanaweka doo, na wakati wowote unaweza kusukuma kila kitu ulicho nacho katikati. Kwa hivyo si lazima uwe na kadi kali. Inatosha mwenzako aamini unazo.

Mashindano yake makubwa zaidi ni World Series of Poker. Yalianza mwaka wa 1970 katika kasino ya Binion's Horseshoe, barabara ya Fremont, Las Vegas. Kiingilio cha mchuano mkuu ni dola 10,000. Watu husafiri na mabeshte zao kutoka kila pembe ya dunia kwenda kuketi pale, na wengi wanarudi nyumbani siku ya kwanza.

Stuart Ungar alizaliwa New York tarehe 8 Septemba 1953, akalelewa Lower East Side ya Manhattan. Mbuyu wake, Ido, alikuwa na baa, na pembeni alikuwa anachukua pesa za watu wa kubet, biashara ambayo polisi hawakutakiwa kuijua. Kwa hivyo mtoi alikua akiona pesa taslimu ikipita mkono hadi mkono. Familia ikienda likizo milima ya Catskill, watu wazima walikuwa wanacheza gin rummy, gemu ya kadi ya watu wawili. Akiwa na miaka 10 tu, Stu alishinda mashindano ya gin huko huko.

Mwaka wa 1967 mbuyu akafariki kwa ugonjwa wa moyo. Stu alikuwa na miaka 13. Mathe naye afya ilienda chini, na baada ya muda kijana akaacha shule, akaanza kulisha mathe na sista kwa kadi. Kulikuwa na jamaa mmoja wa mafia, Victor Romano, aliyempenda kama mtoto wake na kumlinda. Na ulinzi aliuhitaji. Stu alikuwa mfupi, mwembamba kama ufito, sura ya mtoto wa shule (ndiyo maana wakamwita The Kid), lakini mdomo wake ulikuwa mchafu. Akikufunga alikuambia pia kwa nini wewe ni fala.

Kwenye gin hakuwa na mpinzani. Watu wengi wa poka wanaamini hakuna aliyewahi kuicheza vizuri kama yeye, na yeye mwenyewe aliipenda kuliko poka. Shida ni kwamba ukiwa mkali kupita kiasi unakosa chakula. Nani atakaa mezani na wewe? Akaanza kuwapa wapinzani nafasi ya bure ndiyo wakubali, na bado akawafyeka. Mwishowe waliokuwa wanaandaa mashindano ya gin Las Vegas walimwomba asije, kwa sababu jina lake likionekana wengine hawajiandikishi.

Sasa, angalia upande wa pili. Pesa aliyoshinda kwa kadi aliipeleka kwa mbio za farasi. Yaani mtu ambaye kadi zilimtii kama mbwa alikuwa anaenda kumpa doo yake farasi asiyemjua jina. Madeni ya farasi ndiyo yaliyomfukuza New York. Akahepa hadi Miami, halafu akatua Las Vegas mwaka wa 1977.

Huko ndiko alikutana na Bob Stupak, tajiri wa kasino. Kichwa cha Stu kilikuwa kinashika kadi zote zilizopita. Wakabet: wachukue pakiti sita za kadi zilizochanganywa, zianze kutolewa, halafu Stu ataje zilizobaki mwishoni. Akikosea analipa dola 10,000, akipatia analipwa 100,000. Alipatia. Mkumbuke huyu Stupak, tutamrudia. Kasino nazo zikaona wazi: huyu kwenye blackjack hatumtaki, zikamfungia milango.

Gin wamekataa, blackjack wamekataa. Ndipo 1980 akajitoma World Series of Poker. Wachezaji walikuwa 73, na kwa maelezo yake mwenyewe baadaye, hayo yalikuwa mashindano yake ya kwanza ya Hold'em. Alijifunza kazi akiwa kazini. Wa mwisho kubaki naye mezani alikuwa Doyle Brunson, simba wa Texas aliyekuwa ameshinda 1976 na 1977.

Mkono wa mwisho nauelezea polepole kwa sababu utarudi. Brunson ana A na 7. Stu ana 5 na 4. Mezani zinafunguka A, 7 na 2. Brunson tayari ana jozi mbili, za A na za 7. Stu hana kitu, ila akipata 3 atakuwa na mfululizo wa A, 2, 3, 4, 5. Kadi ya nne ikaja: 3. Doo zote zikasukumwa katikati, na kijana wa miaka 26 akawa bingwa, na zaidi ya dola 350,000. Mwaka uliofuata karibu azuiwe kutetea taji, maana inasemekana alikuwa amemtemea mate mgawa kadi. Mtoto wa mwenye kasino akamtetea, akaingia, akashinda tena.

Kwa hesabu yoyote hapo ameomoka. Mwaka wa 1982 akamwoa Madeline, mpenzi wake wa tangu New York, wakapata binti, Stefanie. Lakini ilikuwa wakati wa kokeini. Mwanzoni alisema inamsaidia kukaa macho kwa mechi ndefu. Pesa hakuwahi kuweka benki, alitembea nayo au kuifungia kwenye sanduku la hoteli. Akishinda poka usiku, asubuhi anapigia simu za kubet mpira wa Marekani, jioni amesota. Ndoa ikaisha 1986. Mtoto wa kwanza wa Madeline, ambaye Stu alikuwa amemchukua kama wake, alijitoa uhai akiwa bado kijana mdogo. Marafiki walisema hapo ndipo kitu ndani ya Stu kilizimika.

Mwaka wa 1990 Billy Baxter, mchezaji mwenzake, alimlipia kiingilio. Kwa siku mbili Stu akawapiga watu vibaya. Siku ya tatu kiti chake kilikuwa kitupu. Walimkuta hotelini amelala sakafuni, hana fahamu, dawa zimemzidi. Cha ajabu ni kwamba vile vibao vya plastiki vinavyosimamia pesa alikuwa navyo vingi kiasi kwamba mgawa kadi aliendelea kukata ada ya kila mzunguko kutoka rundo lake, mtu mwenyewe hayuko, na bado akamaliza wa 9. Kiti kitupu kilishinda zaidi ya dola 20,000.

Mimi hapa ndipo nilinyamaza kidogo kule Sena, kwa sababu nilitaka wasee wafikirie Baxter. Umemlipia mtu dola 10,000, akaamka sakafuni. Akija tena unafanyaje?

Alikuja. Mwaka wa 1997, miaka 16 baada ya taji lake la mwisho, Stu alikuwa hana kitu, madeni kila kona. Pua ilikuwa imebomoka kwa kokeini, akavaa miwani ya duara ya bluu kujaribu kuficha. Dakika za mwisho kabisa kabla ya kufunga orodha, Baxter akatoa tena zile 10,000. Siku ya kwanza Stu alisinzia mezani kwa sababu hakuwa amelala usiku kucha. Rafiki yake Mike Sexton akamtia moyo, Baxter naye akamgombeza kama mzazi. Akatulia. Akapumzika. Kila siku alikuja na picha ya Stefanie mfukoni.

Wachezaji walikuwa 312. Meza ya mwisho iliwekwa nje, barabara ya Fremont, watu wamejaa kila upande. Alibaki na John Strzemp, bosi wa kasino. Mkono wa mwisho: Strzemp ana A na 8, Stu ana A na 4. Mezani A, 5, 3, kisha 3 nyingine. Stu yuko nyuma. Kadi ya mwisho ikaja 2. A, 2, 3, 4, 5. Mfululizo ule ule mdogo uliomfunga Brunson 1980! Hakuna mtu aliyepanga hiyo, ni kadi tu zimeamua. Akainua picha ya binti yake mbele ya kamera. Kabla yake ni Johnny Moss peke yake aliyekuwa na mataji matatu ya mchuano mkuu, na la kwanza la Moss lilitoka kwa kura ya wachezaji wenzake.

Zawadi ilikuwa dola milioni 1. Wakagawana nusu kwa nusu na Baxter, yaani kila mmoja 500,000. Miezi michache tu, nusu ya Stu ilikuwa imeisha. Michezo ya kubet na dawa, basi. Poka haikumdai hata senti.

Mei 1998 Baxter alikuwa tayari kumlipia tena, mara hii kama bingwa mtetezi. Dakika chache kabla ya kuanza, Stu akasema amechoka, hachezi. Alibaki chumbani juu ya kasino huku mashindano yakiendelea chini. Baadaye alieleza kwamba kuonekana katika hali ile kungekuwa aibu kubwa kuliko kukosekana.

Novemba mwaka huo huo alichukua chumba cha bei rahisi Oasis Motel, akalipa kimya kimya. Tarehe 22 walimkuta amefariki. Miaka 45. Daktari alisema moyo ulishindwa kwa sababu ya miaka mingi ya dawa, na zilizokuwa mwilini siku hiyo pekee hazikutosha kumuua. Mfukoni alikuwa na dola 800 hivi. Inakadiriwa kadi zilikuwa zimempa takriban dola milioni 30 maishani.

Msee wetu pale Sena aliuliza kitu kimoja tu, kama Baxter alikosea kumpa ile 10,000 ya 1997. Tulibishana hadi taa za omena zikaanza kurudi ufuoni. Mmoja wetu alisema bila hiyo pesa binti asingewahi kumwona baba yake akiinua picha yake. Mwingine alisema bila hiyo pesa huenda angekuwa hai. Thao hatukumpa. Nauli yake ya kurudi Mbita tulilipa wenyewe, moja kwa moja kwa mwenye boti.

Na mazishi ya Stu? Hakuacha mali yoyote ya kuyalipia. Aliyesimama kuchangisha watu pale pale kwenye ibada alikuwa Bob Stupak, yule yule aliyepoteza dola 100,000 kwa kichwa cha Stu.